Makomredi wa Vimbweta na Manamba wa Korogwe

Nimekuwa kimya wiki mbili, testi zimetubana na bumu lenyewe mnalijua. Leo nataka niuongelee ule ubishi wa Alhamisi pale vimbweta, maana kuna watu wamenitumia meseji eti nimewasaliti makomredi.

Kwa ambao hawakuwepo: kikundi chetu cha kusoma siasa za ujamaa kina watu tisa, wakija wote. Safari hii tulikuwa tunamsoma James Connolly wa Ayalandi. Huyu bwana alianzisha chama cha kisoshalisti cha kudai jamhuri pale Dublin mwaka 1896. Hoja yake ni kwamba mkimtoa mfalme wa Uingereza halafu wenye ardhi na wenye viwanda wakabaki walewale, mmebadilisha bendera tu. Hapo wote tukatikisa vichwa, nani hapa Bongo asiyeijua hadithi hiyo? Ubishi ukaanza tulipoulizana tutawapataje vijana wa mtaani. Mwenyekiti wetu anataka kongamano Nkrumah, fulana nyekundu na tamko. Mimi nikasema twende Tanga. Wakacheka mpaka watu wa kimbweta cha pili wakageuka.

Sikusema Tanga kwa sababu ni kwetu (ingawa ni kwetu, na mtanikoma). Nimesema hivyo kwa sababu ya Connolly mwenyewe. Chama chake kile kilikuwa kidogo mno, na mwaka 1903 aliondoka kwenda Marekani. Aliporudi 1910 akaingia kwenye kazi ya chama cha wafanyakazi wa usafirishaji cha Jim Larkin, akawa anahangaika na mishahara ya makuli wa bandari ya Belfast. Mwaka 1913 matajiri wa Dublin walipowafungia kazi maelfu ya watu, yeye na Larkin ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo alipopigwa risasi Mei 1916, amefungwa kwenye kiti kwa sababu majeraha hayakumruhusu kusimama, wafanyakazi hawakuwa wanamjua kwa vitabu tu. Walimjua kwa mishahara yao.

Sasa tuje kwetu. Mkonge uliingia pwani yetu mwaka 1893, aliyeuleta ni Mjerumani Richard Hindorf. Ukazaa mashamba toka Pangani na Muheza hadi Korogwe na Mombo, na mashamba yakataka watu. Waliletwa toka Kigoma, Songea, Njombe, hata nje ya nchi, wengi wao vijana wa rika letu hili. Kila mmoja alipewa namba, ndio likazaliwa jina la manamba. Walifanya kazi kwa kipande, ile karatasi ya siku thelathini: siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, na bila siku thelathini kutimia mshahara hakuna. Babu yangu, marehemu sasa, alitoka Kasulu kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Alikuwa akisema siasa aliijulia kambini, Jumapili, mtu wa chama cha wafanyakazi alipokuja na daftari kuuliza nani kadhulumiwa kipande. Jumatatu mtu huyo alikwenda kwa nyapara. Mara nyingi hakushinda, lakini Jumapili iliyofuata alirudi.

Hilo la kurudi ndilo ninalowapigia kelele.

Ile miaka ya hamsini TANU na vyama vya wafanyakazi walikwenda pamoja. Shirikisho lao, TFL, lilianzishwa 1955 na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Mwaka 1958 wakata mkonge wa Mazinde waligoma. Halafu Uhuru ukaja, na hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinapopita mbio. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa waziri mkuu, ikapitishwa sheria ya kubana migomo. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani na rais wa TFL, akapelekwa kuishi Sumbawanga, kona nyingine kabisa ya nchi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi kibao wa wafanyakazi wakawekwa ndani, TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mtu wa daftari sasa akawa analetwa na ofisi.

Miaka mitatu baadaye likatangazwa Azimio la Arusha. Vijana wakajitokeza kwa wingi kutembea kwa miguu kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki akiwa safarini toka Arusha kwenda Dar. Mimi siwezi kumcheka kijana yule, aliamini kuliko sisi tisa tukijumlishwa. Ila angalia ramani. Barabara ya Arusha kuja Dar inapita Mombo na Korogwe, katikati ya mkonge. Vijana wenye mabango ya ujamaa wakipita kando ya makambi ambayo chama chake kilishanyamazishwa! Mwaka huohuo serikali ikachukua mashamba mengi, lakini mkata mkonge alibadilishiwa tajiri tu, sauti hakurudishiwa. Bei nayo ilishaanza kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki.

Najua mtasema "na USARF je?" Sawa, nawaheshimu. Walikuwa hapahapa Mlimani toka 1967, Museveni akiwa mwenyekiti wao wa kwanza, Walter Rodney akiwa mwalimu wao wa karibu, na jarida lao Cheche lilisomwa mbali. Novemba 1970 vikapigwa marufuku vyote viwili, chama na jarida. Swali langu la Alhamisi lilikuwa dogo tu: siku ile, nani nje ya Mlimani aligoma kwa ajili yao? Mwenyekiti akasema naleta dharau. Si dharau jamani, ni swali, na mpaka sasa hajanijibu.

Likizo iliyopita nilikaa sana kijiweni Muheza na vijana wa bodaboda. Kila mmoja anatoa jero kwa siku kwenye mfuko, daftari lipo, mweka hazina anajulikana nyumbani kwake. Mwenzao alivunjika mguu, mfuko ukalipa hospitali na nusu ya hesabu ya tajiri mwenye pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyetaja neno ujamaa. Nilipowauliza kwa nini hesabu ya tajiri haishuki mafuta yakipanda, tulibishana mpaka saa nne usiku, na walionipa darasa ni wao.

Hao ndio ninaotaka twende tukakae nao, na pia wale wanaokata mkonge Korogwe hadi leo. Twende na daftari, tusikilize, na likizo ijayo turudi. Mwenyekiti kasema atafikiria. Wawili wameshakubali, mmoja anadai nauli nimkopeshe. Tunaondoka Jumamosi baada ya mtihani wa mwisho, saa kumi na mbili asubuhi pale stendi ya Mbezi. Anayekuja anitafute hosteli, na tafadhali sana, zile fulana nyekundu ziacheni kabatini.