Joka la Fundi Saa

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniona nikisogeza askari wa g hatua moja kwenye sataranji, ufunguzi uitwao Joka, akaniwahi: "Mjomba, Joka limepitwa. Kompyuta inasema Nyeupe yuko mbele." Hakuinua macho kwenye simu. Iliniuma, maana asubuhi hiyohiyo nilipita Mtaa wa Biashara nikakuta kibanda cha marehemu fundi saa kimevunjwa.

Kilikuwa kikinuka mafuta ya saa na kahawa chungu. Ubao wa sataranji ulikaa juu ya kabati la kioo. Ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, mahali pake pakawekwa kizibo cha chupa ya dawa. Mimi husema nilianza kufundishwa mwaka 1976, dada yangu anashikilia 1977. Nilikuwa bado navaa kaptura ya shule.

"Nyeupe akianza e4, mwanangu, mjibu c5," alisema, lenzi ikiwa jichoni. Baadaye g6, kisha askofu g7, akiutazama mshazari mrefu mpaka kona ya pili. Nyeupe alipomficha mfalme upande wa malkia na kumwachilia askari wa h aje kunibomolea mlango, fundi alinikataza kujikunyata. "Na wewe una safari yako." Safari yangu ilikuwa safu ya c, na mwisho wake niliitoa ngome, kile kizibo, nikala farasi wa c3 huku nikijua italiwa. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Fundi alisubiri. Mteja aliyekuja kuchukua saa yake akasimama mlangoni, akasubiri naye.

Hakunificha hatari. Alinipangia mchezo ambao Karpov alimvunja Korchnoi ndani ya Joka hilihili, Moscow 1974, kwa hatua 27 tu.

Kisha kazi, ndoa, msiba wa fundi. Mwaka 1995 Kasparov alimshinda Anand kwa Joka huko New York, nami sikuwa na wa kumpelekea habari. Zikaja kompyuta, zikaja simu, na michezo ya dakika tatu, ya dakika moja. Watoto wanaisoma hukumu kabla hawajaugusa ubao! Hilo linanikera kweli.

Nilimwambia mpwa wangu aizime simu, achukue Nyeupe. Alicheza vizuri, akamleta askari wa h mbio. Ngome yangu ilipotua c3, alinyoosha mkono kuila, akaurudisha. Nikaenda jikoni kumtilia chai.