Uhuru Park ya Nairobi na Uwanja wa Kijiji Chetu

Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Kazi yangu ni mahindi, migomba na kahawa. Lakini leo sitaandika habari za mbolea. Nitakueleza safari yangu ya Nairobi, na jambo nililolifanya kijijini kabla ya safari hiyo. Jambo hilo bado linanisumbua.

Mwaka 2018 nilikwenda Nairobi kuona maonyesho ya kilimo katika uwanja wa Jamhuri. Nilipanda basi la usiku pale Sirari, mpakani. Ukivuka mpaka unaingia Isebania, na Wakurya wako pande zote mbili, kwa hiyo salamu ni ile ile. Tulipita Migori, kisha Kisii. Kulipopambazuka tulikuwa Narok, penye mashamba ya ngano. Kisha basi likapanda kutoka Bonde la Ufa polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Mchana tulikuwa Nairobi.

Maonyesho yalikuwa mazuri. Niliona ng'ombe wa maziwa wakubwa sana na mashine za kupukuchua mahindi. Siku ya pili, miguu ikiwa imechoka, nikapanda matatu kurudi mjini. Nikashuka karibu na bustani moja kubwa ili nipumzike. Bustani hiyo ndiyo Uhuru Park.

Uhuru Park ni bustani ya watu wote. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ukubwa wake ni kama eka 32. Ukipima kwa viwanja vya mpira, ni karibu viwanja 20. Iko kando ya maghorofa ya mjini, mahali ambapo ardhi ni ghali kuliko ninavyoweza kukueleza.

Niliona nini humo? Niliona ziwa dogo lililochimbwa na watu, na watoto wakipanda mashua. Niliona mpiga picha na kamera yake. Mhubiri alikuwa akihubiri, na watu wanne wakimsikiliza. Chini ya miti vijana walikuwa wamelala usingizi, kofia usoni. Walikuwa wakitafuta kazi tangu asubuhi, nadhani. Hakuna aliyewauliza, "Mmelipa?" Mama mmoja alitandika kanga, akawagawia watoto wake viazi vya kuchemsha. Nami nikakaa kwenye majani, nikavua viatu.

Mzee mmoja muuza karanga akaja. Nikanunua. Akasikia Kiswahili changu, akacheka.

"Wewe umetoka Tanzania, ndugu yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hapo ulipokaa palitaka kujengwa ghorofa. Uliza mtu yeyote."

Habari hiyo ni ya kweli, nawe unafaa kuijua.

Ghorofa ambalo halikujengwa

Mwaka 1989 chama kilichotawala Kenya wakati huo, KANU, kilitaka kujenga jumba ndani ya Uhuru Park. Jumba hilo lilikuwa na ghorofa 60. Wakati ule jumba refu kuliko yote Nairobi, lile la mikutano la Kenyatta, lilikuwa na ghorofa 28. Kwa hiyo jumba jipya lingekuwa refu zaidi ya mara mbili. Fedha nyingi za ujenzi zilikuwa za kukopa kutoka nje.

Mama mmoja alikataa. Jina lake ni Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha chama cha kupanda miti kiitwacho Green Belt Movement. Kina mama wa vijijini walitengeneza vitalu na kupanda miche. Kazi hiyo tunaifahamu sisi mabwana shamba.

Alikataa kwa njia gani? Aliandika barua. Aliwaandikia viongozi wa serikali, akayaandikia magazeti, akawaandikia watu wa nje waliotakiwa kutoa fedha. Aliuliza: Watu wa kawaida wa Nairobi watapumzika wapi? Wabunge walimkejeli bungeni. Chama chake kikaondolewa katika ofisi zake. Uzio ulikuwa umekwisha kuwekwa na ardhi imeanza kuchimbwa. Lakini waliotaka kutoa fedha wakarudi nyuma. Mwaka 1992 uzio ukaondolewa, na watu wakarudi kukaa kwenye majani.

Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011.

Nikatembea tena hadi bustani nyingine iliyo katikati ya mji. Inaitwa Jeevanjee. Hiyo ni ndogo, eka 5 hivi. Ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1900 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga humo maegesho ya magari ya ghorofa na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliwaongoza watu kuupinga. Watu walijua bustani ilitolewa kwa ajili ya nani, wakasema hivyo hadharani. Mpango ukaachwa. Siku niliyofika, mabenchi yote yalikuwa yamejaa.

Kamba yangu

Nilipokuwa nimekaa Jeevanjee, karanga mkononi, moyo wangu ulirudi kijijini. Sasa nikuambie kwa nini.

Kijiji ninachofanyia kazi kina uwanja mmoja wa mpira. Uko kati ya shule na barabara. Zamani ulikuwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 60, yaani eka moja na nusu. Upande wa shule kuna mkuyu mkubwa. Wazee hukaa chini yake, na kina mama huupumzikia wakitoka gulioni. Hapo ndipo tulipochezea, tulipofanyia mikutano, tulipogawia mbegu mwaka wa njaa.

Mwaka 2016 halmashauri ya kijiji iliamua kukata viwanja vya vibanda vya biashara upande wa barabara. Viwanja 14. Waliniita mimi nipime, kwa sababu nina kamba ya kupimia mashamba. Nikapima. Sikuuliza kama mkutano mkuu wa kijiji umekubali. Haukuwa umeulizwa.

Sitasema kwamba fedha ziliibwa. Zilinunua mabati ya ofisi ya kijiji, na mabati yapo, unaweza kuyahesabu. Lakini tulikata mita 10 za upana, na baadaye vibanda vikaongezeka nyuma. Mmoja alijenga choo. Mwingine aliweka matofali yake. Leo upana uliobaki ni mita 40. Mpira ukipigwa kwa nguvu kidogo unaangukia kwenye sufuria ya mama lishe, na ugomvi unaanza.

Wiki moja baada ya kupima, mtoto wa darasa la tano aliniuliza njiani, "Shikamoo, bwana shamba. Sasa sisi tutachezea wapi?" Nilimjibu "Marahaba", nikapita.

Ndugu msomaji, sheria ilikuwapo. Mimi ndiye sikuisoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema kijiji kinaweza kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Ardhi hiyo ni kama uwanja, malisho, msitu wa kijiji au chanzo cha maji. Halmashauri ya kijiji hupendekeza. Mkutano mkuu wa kijiji hukubali au hukataa. Mkutano mkuu ni ninyi nyote mnaokaa kijijini, mlio na umri wa miaka 18 na zaidi, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ardhi ikikwisha kutengwa huandikwa katika daftari la ardhi ya pamoja. Ikiandikwa humo, haigawiwi mtu binafsi.

Je, uwanja wa kijiji chako umeandikwa? Nenda ofisini, uombe kuonyeshwa daftari. Usione haya. Uwanja wetu haukuwa umeandikwa popote. Kila mtu aliujua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Nilirudi kutoka Nairobi, nikamweleza mwenyekiti. Hakupendezwa mwanzoni. Alisema, "Bwana shamba, wewe mwenyewe ndiye uliyepima." Nikasema ni kweli, na ndiyo sababu nasema. Mwaka 2019 jambo lilifika mkutano mkuu. Nilisimama mbele ya watu, nikaeleza kwamba kamba ilikuwa yangu. Watu wakacheka, wengine wakakasirika. Vibanda vikaachwa mahali pake, kwa kuwa wenyewe walikwisha lipa na wana watoto wa kulisha. Sehemu iliyobaki, pamoja na mkuyu, ikakubaliwa kuwa ya wote. Ikaandikwa. Nilimwona mtendaji wa kijiji akiandika kwa kalamu ya bluu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka huu wametufikia watu wanaotaka kusimamisha mnara wa simu katika pembe ya uwanja. Watalipa kodi kila mwaka. Halmashauri imegawanyika. Wengine wanasema simu hazishiki vizuri hapa, nalo ni kweli. Mimi mwenyewe hupanda kichuguu ili nimpigie mke wangu. Wengine wanasema mnara uwekwe kilimani, penye mawe yasiyolimika. Mimi niko upande wa kilimani. Lakini atakayeamua ni mkutano mkuu, nao utafanyika mwezi ujao chini ya mkuyu.

Wakati tunasubiri, nimeshauri tupande miti kuzunguka uwanja, ili mpaka uonekane hata kwa asiyesoma daftari. Kama nanyi mnataka kufanya hivyo, chimbeni mashimo mapema, kabla ya mvua. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanyeni ule wa juu na samadi iliyooza, mrudishe shimoni. Acheni mita 4 au 5 kati ya mche na mche. Mgrevilea unafaa hapa kwetu, kwa sababu unakua haraka na hauna makuu. Mkaratusi usipandwe karibu na kisima, maana unakunywa maji mengi. Na mwembe usiwekwe nyuma ya goli. Embe zikiiva, watoto watarusha mawe, na kipa ndiye atakayeumia.

Adui mkubwa wa mche ni mbuzi. Zungusheni miiba kila mche kwa miaka miwili ya kwanza. Kila darasa la shule lipewe miche yake, na kila mtoto ajue wa kwake.

Nyuma ya nyumba yangu nina miche 60 ya mgrevilea katika mifuko ya plastiki. Imefika urefu wa goti. Mashimo 31 yamekwisha chimbwa. Yale ya pembe ambako wanataka kuweka mnara tumeyaacha kwanza, hadi mkutano uamue.