Safari ya Siku Mbili Ugogoni

Twapenda kuwasimulia wasomaji habari za safari yetu ya siku mbili katika Ugogo, nchi ya mizabibu na ya ngoma. Hatuandiki kwa kujisifu, maana mwisho wa habari hizi hauna sifa kwetu.

Mwezi wa Julai, shule ilipokuwa imefungwa, Padre wetu hapa Kilosa alitutuma Dodoma kununua divai ya Misa. Tulikuwa na rafiki huko, mwalimu mwenzetu tuliyesoma naye chuoni, aliyekwisha kutualika mara nyingi. Basi siku ya Ijumaa alasiri tukaenda stesheni. Wazee wetu walikiita chombo hiki gari la moshi, walakini hili la sasa halina moshi, kwani laendeshwa kwa umeme, nalo lilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Reli ya zamani, iliyojengwa na Wadachi, ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo yafuata bonde la mto Mkondoa. Sisi watu wa Kilosa hatusahau jinsi mto ule ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, ukala reli na nyumba za watu. Reli mpya yapenya katika milima kwa mahandaki; waingia gizani, watoka upande wa pili, na kabla jua halijachwa waona nchi nyingine kabisa: mibuyu, miiba na udongo mwekundu.

Jumamosi asubuhi rafiki yetu alitupeleka Bihawana, mahali penye misioni ya zamani. Wamisionari ndio waliopanda mizabibu katika nchi ile, wapate divai ya madhabahu. Maana sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Tangu hapo wenyeji nao wakajifunza, na leo mashamba yameenea katika vijiji vingi vya Dodoma. Jambo la kustaajabisha ni hili: mvua za huko ni chache, na mahindi mara nyingi hukauka, lakini mzabibu hupenda jua lile, hata huzaa mara mbili kwa mwaka.

Mzee mmoja mwenye shamba alitutembeza katikati ya mistari ya mizabibu yake. Zabibu zilikuwa bado mbichi, ngumu kama changarawe. Akatuonyesha jinsi anavyoikata baada ya kila mavuno, akiacha vijiti vifupi tu. "Mgeni akipita siku ile," akasema, "hudhani nimeliua shamba. Lakini nisipokata, nitapata majani, sitapata matunda." Akatuambia pia ya kuwa zabibu zikiiva hazingoji; mnunuzi akichelewa, jasho la miezi huoza juu ya mti.

Tulimwuliza neno lililokuwa moyoni mwetu. Tukasema, "Baba, divai hii hii inayotolewa madhabahuni, wengine huinywa wakalewa, wakapiga wake zao. Je, huoni shaka kuilima?" Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akajibu, "Mwalimu, mdogo wangu alikufa kwa ulevi. Mimi mwenyewe divai siionji ila kanisani. Siku tulipomzika nilichukua shoka, nikaja hapa, nikasimama kwenye mti huu. Nikakumbuka ya kuwa ndugu yangu alikunywa pombe ya mtama, wala zabibu hakuzijua. Nikauliza, niukate na mtama pia? Watoto wale nini? Nikarudi nyumbani." Hatukuwa na neno la kuongeza.

Alasiri tukaenda Chamwino. Huko tangu mwaka 2009 hufanywa Tamasha la Muziki wa Cigogo, na vikundi vya vijiji hukutana kuimba na kucheza. Tulikuta wanawake wamebana ngoma zao kati ya mapaja, ziitwazo muheme, wakizipiga kwa nguvu hata vumbi likapanda. Wazee walipiga zeze lenye kibuyu, na wengine waliimba kwa sauti tatu au nne zilizopatana barabara, bila kinanda na bila mwalimu wa kuwapigia kijiti. Rafiki yetu akatukumbusha habari za Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere kwa ajili ya muziki wake, kisha akafundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na sauti yake ikasikiwa Ulaya na Marekani kabla hajafariki mwaka 2003.

Ndipo alipotoka mtoto mmoja, umri wake kama miaka kumi, amekumbatia ilimba, yaani marimba makubwa ya Kigogo, akaketi katikati ya wazee. Vidole gumba vyake vilikimbia juu ya vyuma vile, na wazee wakamwitikia kwa heshima kama mkubwa wao. Watu wote walifurahi. Sisi tulishindwa kupiga makofi.

Wasomaji, twalazimika kuungama. Mwaka uliopita, katika darasa letu, kulikuwa na kijana aliyekuja na marimba madogo, ubao wa mkono wenye njiti za mwavuli uliku'u. Babu yake ndiye aliyemtengenezea. Siku moja aliyapiga wakati wa hesabu. Tulikasirika, tukamnyang'anya, tukasema mbele ya wenzake ya kuwa hivyo ni vitu vya washenzi, havifai kwa mtoto wa Kikristo. Tukayafungia kabatini. Kumkataza kupiga wakati wa somo ilikuwa haki. Neno lile la ushenzi halikuwa haki. Kijana hakurudi tena shuleni. Tulisikia yuko Mikumi, auza karanga kwenye malori ya barabara kuu. Nasi tulisema moyoni, "Shauri lake."

Jumapili, katika Misa, ngoma za muheme zilipigwa kanisani, na watu wakaleta matoleo kwa kucheza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana tangu mwaka 1962 hata 1965, ulikubali muziki wa mataifa uwe na mahali pake katika ibada, na Zaburi ya 150 yataja ala nyingi, ngoma ikiwamo. Mambo haya twayafundisha katika dini. Kumbe twaweza kufundisha neno miaka kumi, lisitufikie wenyewe! Padre alipoinua kikombe tulimkumbuka mzee wa Bihawana na shoka lake. Yeye aliacha kukata; sisi tulikata, wala hatukukata kama akatavyo mkulima, ili mti uzae.

Tuliporudi Kilosa tulimkabidhi Padre divai yake, kisha tukafungua kabati. Siku ya Jumanne tukapanda basi kwenda Mikumi, kwa njia ipitayo kijiji kiitwacho Ulaya. Tulimkuta kijana kando ya barabara, ungo wa karanga kichwani, amekuwa mrefu. Alipotuona alitaka kukimbia. Tukampa marimba yake, tukamwambia, "Mwanangu, tulikukosea. Babu yako si mshenzi."

Hakujibu. Aliweka ungo chini, akajaribu njiti moja moja. Mbili zilikuwa zimelegea. Akazisogeza kwa jiwe, akasikiliza, akasogeza tena. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, nikirudi, nitapiga?" Tukamwambia, "Utapiga, baada ya masomo. Wakati wa hesabu, hapana." Akacheka. Kisha akasema hana budi kumaliza karanga za mama kwanza.

Shule ilifunguliwa, naye hakuja. Juma la kwanza likapita, tukaanza kukata tamaa. Jumatatu ya pili tulimkuta mlangoni mwa darasa, na babu yake amesimama nyuma yake, amevaa kanzu ya Jumapili. Mzee hakuja kutushukuru. Alikuja kutuangalia usoni, apate kujua sisi ni watu wa namna gani. Tukamkaribisha kiti.