Shusha Gari Kwanza

Mficha uchi hazai, walinena wahenga, nami huu wangu nimeuficha tangu likizo ya Agosti mwaka jana. Wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliponitaka niandikie jarida letu, bila shaka walitaraji niandike juu ya maporomoko ya mto Nzoia, kama afanyavyo kila mtoto wa Webuye akishika kalamu. Wanisamehe. Mimi nitaandika juu ya bushi mbili za gari, vitu visivyozidi ukubwa wa ngumi ya mtoto, na neno moja nililolitamka huku nikimtazama Mjomba usoni.

Mjomba wangu ni fundi. Ufundi aliupatia katika kiwanda cha karatasi hapa mjini, na kilipofungwa mwaka 2009 alitoka na sanduku lake la spana akafungua gereji kando ya barabara ya Kitale. Gereji yenyewe ni mabati, shimo moja na mwembe. Kila likizo mimi huvaa ovaroli yake kuukuu, nikakunja mikono mara tatu, nikawa fundi mdogo.

Asubuhi moja tulisikia mlio ambao si wa matatu wala wa lori la miwa. Gari fupi, pua ndefu, rangi ya machungwa iliyopauka, likaingia likiyumba kama mlevi atokaye sokoni.

"Mulembe, fundi," akasema mzee aliyeshuka. Ni mkulima wa mahindi huko Kitale. "Nataka hili lisimame sawasawa. Mwisho wa mwezi tuna mashindano shambani, vijana na wazee, gari moja moja dhidi ya saa."

Lilikuwa Datsun 240Z. Kwa ninyi mnaoijua Probox pekee, hebu ketini niwaeleze. Gari hili la silinda sita na injini ya lita 2.4 ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka 1973 likashinda tena, dereva akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, ikabidi mshindi atafutwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Mehta baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, katika Datsun nyingine. Mjomba alinisimulia haya yote akiwa chini ya gari, nami nikimpokeza spana, na nadhani ndiyo sababu hakumtajia mzee bei mpaka jioni.

Ugonjwa wa gari ulijulikana upesi. Mjomba alikandamiza bodi juu ya gurudumu la mbele kwa uzito wake wote, kisha akaachia. Gari zima huinuka mara moja likatulia. Hili lilipanda na kushuka mara tatu, kama mtoto kitandani. "Watu hudhani springi ndiyo hutuliza gari," akaniambia. "Springi hubeba tu. Anayetuliza ni shoki, na hizi zimekwisha, tazama mafuta yanavyovuja." Bushi nazo zilikuwa zimepasuka, ndiyo maana ukipiga breki usukani unakuvuta kushoto bila kukuuliza.

Kazi ya nyuma ilitutesa. Kule kuna pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini karibu na gurudumu, na ya upande wa kulia ilikuwa imeshikwa na kutu ya miaka hamsini. Tuliimwagia mafuta siku tatu. Tukaipasha moto kwa gesi. Nilitaka kuigonga kwa nyundo, Mjomba akanishika mkono: ukiigonga, ncha yake inatanuka kama uyoga na uzi wa nati unaharibika, basi haitoki milele. Mwishowe akaufunga mkono mzima kwenye gunia, akapanda matatu kwenda Bungoma kwa mwenye mashine ya kukandamiza.

Kabla ya kuondoka alinipa kazi moja. Rudisha mikono ya chini ya mbele na bushi zake mpya, nati zishike kwa vidole tu. Usikaze. "Utakaza gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Umesikia?"

Nikasikia. Na sababu yake niliijua, maana alishanieleza. Bushi ya namna hii ina bomba dogo la chuma ndani, bomba jingine nje, na mpira katikati uliogandamana nayo yote mawili. Mkono ukipanda na kushuka, bomba halizunguki; mpira ndio unaojipinda kisha ukarudi. Ukikaza wakati gari liko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo. Ukilishusha, unapindwa kabla gari halijaenda hata hatua moja, na kila shimo la barabarani linaupinda zaidi. Mzee alikuwa amesikia kuna bushi za plastiki ngumu zisizo na shida hiyo kwa sababu huzunguka zenyewe zikipakwa grisi, lakini Mjomba alizikataa: kwenye murami zingepeleka kila kishindo kwenye bodi, na bodi ile ilikuwa nyembamba kama bati la mkebe.

Basi nilijua. Ila vijana wawili wa Kidato cha Pili, shule hii hii yetu, walipita wakanikuta chini ya 240Z. Wakachutama kutazama. Nikachukua spana, nikaichomeka kwenye kipande cha bomba ili iwe ndefu, nikavuta mpaka nati ikalia kii! Wakaguna kwa mshangao. Nikaenda upande wa pili, nikavuta tena.

Jioni Mjomba alirudi na pini imetoka. Alikuwa na furaha. Tulipomaliza kazi ya nyuma aliliona gari limeinua pua kidogo, akaniuliza, "Ulilishusha kwanza ndipo ukakaza?"

"Ndiyo, Mjomba."

Hilo ndilo neno lenyewe.

Baada ya wiki mbili mzee alirudi. Usukani ulikuwa umeanza tena kutangatanga. Mjomba alifungua, akazikuta bushi zote mbili zimechanika, mpira umeachana na chuma. Akaona ni spea bandia. Nikamfuata hadi kwa mwenye duka, mtu mpole aliyetuagizia bushi hizo kutoka Nairobi, na pale mbele ya wateja Mjomba akamwita mwizi. Yule bwana hakubishana. Alifungua droo, akahesabu shilingi 2,400, akaziweka mezani. Mikono ilimtetemeka. Mimi nilikuwa nasoma maandishi kwenye kopo la grisi. Nayakumbuka yote hadi leo.

Usiku sikula. Mjomba alikuwa chini ya mwembe akisikiliza redio, nikamwendea, nikasema. Alizima redio. Mjomba hazimi redio hata akilala. Tulikaa hivyo mpaka nikadhani hatasema kitu, kisha akauliza jambo moja tu: "Na wale watu waliokuwa dukani, wewe unawajua wote?" Sikuwajua.

Kesho yake tulikwenda sote wawili. Mjomba ndiye aliyeomba radhi, kwa sauti ileile ya jana ili waliokuwapo wasikie, ingawa wengi wao hawakuwapo. Mimi niliweka zile 2,400 mezani, na Mjomba akaongeza nyingine 2,400 za bushi mpya. Mwenye duka alizipokea, akatuagizia. Tangu hapo anamwuzia Mjomba, lakini chai hamkaribishi tena.

Bushi zilipofika, Mjomba aliingia shimoni akaniacha mimi kwenye jeki. "Shusha," akasema. Nikashusha. Magurudumu yakakanyaga mbao, gari likakaa. Ndipo nikasikia spana yake ikikaza kule chini, polepole.

Shambani kule Kitale mzee hakushinda. Gari jepesi la kijana mmoja lilimpita kwa sekunde nyingi. Mimi nilisimama penye tuta ambapo magari mengine yalirukaruka mara mbili tatu kabla ya kupata njia. Lile la machungwa liliruka, likatua mara moja, likaenda zake, na vumbi likatufunika.

Kila siku ya kazi Mjomba hunikata shilingi mia moja. Nimebakisha mia nane.