Gitari ya Mbaraka Mwinshehe

Sisi watu wa Uvira, tukitaja gitari ya umeme, mara moja tunasema Franco ao Docteur Nico. Mbaraka Mwinshehe, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa, tunamsifu kwa sauti na maneno tu. Hapo tunampunja. Solo ya Morogoro Jazz, na tangu 1973 ya Super Volcano, alipiga yeye mwenyewe. Tusikilize tena nyimbo zake za Redio Tanzania: bendi ilirekodi wote pamoja, kwa hiyo mlio ule uko karibu na wa dansini. Ni safi, mkavu kidogo. Akinyamaza, gitari inamjibu pole pole, halafu inakamata wimbo mpaka miguu inaamka. Alikufa kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu.