Ndoo ya Kongowea: Mtafiti Chipukizi na Utafiti wa Mtandaoni

Soko la Kongowea halilali. Malori ya viazi, vitunguu na nyanya huingia usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri wachuuzi wa Kisauni, Likoni na Changamwe huwa wameshafika kununua mali ya kwenda kuuza rejareja. Jina lenyewe ni kongwe kuliko soko. Katika ushairi wa kale, Kongowea ni mojawapo ya majina ya Mombasa nzima, na Muyaka bin Haji alilitumia hivyo. Siku hizi jina hilo limebakia upande wa bara, ng'ambo ya daraja la Nyali, na aghalabu wanaolitamka huwa wanafikiria bei ya nyanya kabla ya ushairi.

Katika mazingira hayo ndimo alimolelewa mwanafunzi mmoja wa uzamili. Shangaziye aliyemlea ni muuza nyanya, na kreti za nyanya ndizo zilizomlipia karo tangu shule ya msingi. Alipojisajili kusomea isimujamii, mada ilimjia bila kutafutwa: lugha ya wanawake wa soko katika kundi lao la WhatsApp. Kundi hilo lilikuwa na wanachama thelathini na ushei, nao walilianzisha ili wapashane habari za bei, michango ya chama, harusi na misiba. Shangazi alimwingiza mumo humo awasaidie kutunza hesabu za michango. Naye kwa miezi mitano akawa ananakili kila ujumbe ulioandikwa na kuuhifadhi katika tarakilishi yake. Hakumwambia mtu. Hakufanya hivyo kwa hila. Hakudhani tu kwamba palikuwa na la kusema. Alikuwa mwana wa nyumbani.

Ikumbukwe kwamba utafiti wa aina hii ulipata msukumo mkubwa mwaka 2020. Mwezi Machi vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na Aprili watu wakazuiwa kuingia Mombasa au kutoka. Nyanjani hakukuendeka. Wanasayansi ya jamii waliozoea kubisha hodi wakajikuta wanatuma hojaji kwa simu na kuwasaili watu kupitia video, wengi wao bila kufundishwa jinsi ya kuifanya kazi hiyo. Mafunzo yalifuata baadaye, kama ilivyo desturi. Mwanafunzi huyu alihudhuria mafunzo ya siku tatu pamoja na wanasosholojia, wanaanthropolojia na wanaisimu wachache, akitarajia kuonyeshwa programu mpya ya kuhesabia maneno.

Siku ya kwanza hakuonyeshwa programu yoyote. Mwezeshaji alianza na kisa cha mwaka 1936 cha jarida la Marekani lililoitwa Literary Digest. Jarida hilo lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu wangemchagua nani kuwa rais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na jarida likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda. Roosevelt ndiye aliyeshinda, tena katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya waliotumiwa kadi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki maskini wengi hawakuwa na kimoja wala kingine. Isitoshe, waliojisumbua kujibu hawakuwa sawa na walionyamaza. Kutoka hapo mwezeshaji alirukia sensa ya Kenya ya mwaka 2019: kati ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, na asilimia 22.6 tu ndio waliokuwa wakitumia intaneti. Kisha akawataka wahudhuriaji wote waitazame data waliyokusanya na kuandika jibu la swali moja: nani hayumo?

Mwanafunzi aliandika haraka: wanawake wasio na simu za kisasa. Halafu kalamu ikasita. Shangaziye hakuwamo.

Shangazi alikuwa na simu nzuri, na katika kundi lile hapakuwa na msemaji kumshinda. Lakini hakuwahi kuandika hata neno moja. Utotoni alisomea chuoni, akahitimu Kurani, na herufi za Kiarabu huzisoma bila kusita. Hizi za Kilatini humsumbua. Kwa hiyo alituma sauti. Wazee wenzake nao walituma sauti. Na kwa kuwa programu ya kuhesabia maneno haisikii, mwanafunzi alizipita sauti zote, miezi mitano mizima. Katika data iliyokusanywa kutoka kundi la shangaziye, shangazi alikuwa na maneno sufuri.

Baya zaidi, sura ya nne ilikuwa imekwisha kuandikwa, nayo ilidai kwamba Kimvita kinakaribia kutoweka katika soko la Kongowea. Jioni ile alifungua sauti kumi za kwanza na kusikiliza. Mama yule yule aliyeandika "njoo" alisema "ndoo". Aliyeandika "njaa" alisema "ndaa". Aliyeandika "mchele" alisema "mtele". Shule iliwafundisha kuandika Kiswahili sanifu, nao wanapoandika huandika walivyofundishwa. Wakisema husema kwao.

Siku ya pili ilihusu maadili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilifafanuliwa, na suala la ridhaa likachambuliwa kwa kirefu: kukaribishwa katika kundi ili uhesabu michango hakumaanishi kuruhusiwa kunakili mazungumzo. Kuna aliyepinga kwamba kanuni hizi zimeletwa kutoka nje. Hoja hiyo ina udhaifu. Mwishoni mwa karne ya 19 mmishenari William Taylor alipojifunza ushairi wa Muyaka hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua ndiye aliyemkusanyia na kumfafanulia. Miswada hiyo iko SOAS, London, na orodha yake husomeka mtandaoni na yeyote aliyeko Kongowea. Taylor alijua kwamba maneno yana wenyewe, na kwamba lazima mtu aketi nao.

Jumapili iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, mwanafunzi aliwakusanya akina mama nyumbani kwa shangaziye na kuwaeleza yote. Kimya kilitanda. Mkubwa wao ndiye aliyesema kwanza.

"Wataka ruhusa leo, na maneno ushayatukua?"

"Ndiyo, mama. Nimekosa. Asiyeridhika, maneno yake nitayafuta."

Wengi waliridhia, baadhi kwa kicheko. Wawili walikataa. Mmoja wao aliwahi kuandika kundini habari za deni la mwanawe, na hakutaka zisomwe na maprofesa. Ujumbe wa wawili hao ulifutwa, pamoja na majibu yote waliyopewa, shangazi akiwa ameketi kando yake anatazama kioo cha tarakilishi kana kwamba anahesabu chenji. Baadaye, walipobaki wawili, alimwambia neno moja tu: "Ungeniuliza, mwanangu."

Sura ya nne ilibomoka. Muhula mmoja zaidi ulihitajika, na muhula una karo yake, ambayo ilitoka kwenye kreti zile zile. Kazi sasa ni ya kuandika sauti kwa mkono. Hata programu aliyoitegemea imemwonyesha mipaka yake: ilipopewa maandishi mapya ilihesabu "ndoo" zote pamoja, wito wa mama anayemwita mwenziwe na chombo cha kupimia viazi. Hapana budi kila moja isikilizwe ilisemwa vipi, na nani, kwa nani.

Siku hizi hufanya kazi hiyo pale pale sokoni, juu ya kreti iliyopinduliwa, vipokea sauti masikioni. Kila baada ya kitambo hulazimika kuvivua.

"Ndoo, mwanangu, unishikie ndoo hini."

Naye huiweka kalamu chini, akaenda.