Kamera Ndogo au Kubwa? Safari ya Voi na Milima ya Taita



Msomaji mpenzi, kila likizo za shule zinapokaribia, familia zetu za Pwani huanza kuitaja Voi. Si mbali na Mombasa: ni mwendo wa kilomita 150 hivi, na tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, mtu aweza kupanda treni Miritini asubuhi na kushuka Voi kabla ya adhuhuri. Zamani hesabu ya safari ilikuwa nauli, chakula na malazi. Siku hizi limeongezeka swali jingine: tununue kamera gani? Ile ndogo iingiayo mfukoni, au ile kubwa yenye lenzi nene ya kuvuta vitu vya mbali?

Swali hili lina uzito. Kwa nyumba nyingi kamera ni akiba ya miezi kadhaa, na safari yenyewe huenda isirudiwe upesi. Nimekwisha kuandamana na familia za madrasa yetu kwenda huko zaidi ya mara moja, tukiwa na kamera za namna zote mbili. Niliyoyaona nitayaeleza mahali baada ya mahali, kwa kuwa jibu hupatikana zaidi katika ardhi ya Taita Taveta kuliko katika kabati la muuzaji.

Kwanza tujue tunalinganisha nini. Mwanachuoni wetu al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake Misri katika karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga upitao katika tundu dogo unavyochora sura ya kilicho nje ndani ya chumba chenye giza. Kamera zote, ndogo kwa kubwa, ni chumba hicho. Lenzi hukusanya mwanga, na ndani mna kibamba kidogo kinachoupokea na kuugeuza kuwa picha.

Kuna kuvuta kwa namna mbili. Kuvuta kwa lenzi ni vioo kusogea na kukileta kitu karibu kwa kweli. Kuvuta kwa tarakimu ni kamera kukata kipande cha picha na kukitanua, kama mtu anyooshaye kitambaa: upana huongezeka, nyuzi haziongezeki. Simu nyingi huvuta zaidi kwa njia hii ya pili, na ndiyo maana ndovu wa simu hugeuka doa la hudhurungi. Basi dukani usiulize kamera inavuta mara ngapi tu. Uliza inavuta mara ngapi kwa lenzi.

Nichukue mifano miwili. Canon PowerShot SX740 HS ni kamera ya mfukoni. Ina uzito wa gramu 299 na huvuta mara 40 kwa lenzi. Nikon Coolpix P900 ni kamera kubwa. Ina gramu 899 na huvuta mara 83. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana ni kwamba vibamba vya kupokea mwanga katika kamera hizi mbili vina kipimo kimoja, na kila kimoja ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo anayenunua kubwa hanunui picha safi zaidi ya mtoto wake aliyesimama mbele yake. Ananunua umbali. Simba aliye mita 100 akipigwa kwa ile ndogo, lenzi ikiwa imenyooka yote, hutoka kwa ukubwa uleule wa simba aliye mita 200 na ushei akipigwa kwa ile kubwa. Tofauti ni hiyo. Sasa tuipeleke safarini.

Waendao kwa gari hupumzika Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli ya zamani, wakaswali na kunyoosha miguu. Waendao kwa treni hawashuki, lakini wao huanza kuona wanyama mapema, kwani reli mpya imeinuliwa juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini yake. Hapa kamera ndogo ina faida. Uso wa lenzi yake ni mdogo, hivyo waweza kuusogeza hadi ukaribiane na kioo cha dirisha, na ule mwako wa taa na sura za abiria usiingie pichani. Kubwa, lenzi yake ikishanyooka, humgonga wa kiti cha mbele. Tena treni haimsubiri mtu. Ndovu huonekana kwa pumzi mbili au tatu, na aliye na kamera mkononi humwahi kuliko anayeitoa mkobani.

Voi penyewe ni mji wa njia panda. Upande mmoja ni lango la Tsavo Mashariki, mbuga iliyotengwa tangu mwaka 1948. Upande wa pili ni barabara ya Mwatate, ipandayo milima ya Taita na kuendelea hadi Taveta mpakani. Ni nchi mbili katika kaunti moja, na kila nchi ina hukumu yake kuhusu kamera.

Tsavo ni tambarare pana yenye udongo mwekundu, na ndovu wake hujimwagia udongo huo hadi wakawa wekundu kama matofali. Kanuni ya mbuga ni kubaki ndani ya gari isipokuwa mahali paliporuhusiwa, kwa hiyo huwezi kumsogelea mnyama kwa miguu yako. Lenzi ndiyo miguu. Hapa kubwa hupata haki yake.

Katika safari yetu moja alikuwako nyanya aliyepita miaka 70, macho yake yamefifia. Tulipofika penye bwawa la Aruba, lililojengwa juu ya mto Voi, watoto walipiga kelele, "Ndovu wale!" Yeye akasema kwa upole kwamba anaona wekundu tu, wala hajui kama ni wanyama au ni udongo. Mjukuu wake alikuwa na ile kamera kubwa. Akaiweka juu ya mfuko wa mchele dirishani ili isitikisike, akavuta, kisha akamgeuzia nyanya kioo cha nyuma. Nyanya akakitazama kitambo. "Subhanallah," akasema, "kumbe ana kope!" Kisha akaomba aonyeshwe na mtoto wa ndovu, na mama yake, na yule aliyekuwa majini, mpaka dereva akakumbusha kwamba jua linapanda. Mtu akikuambia kwamba kamera kubwa ni israfu, mkumbuke nyanya huyu. Siku ile ilikuwa jicho lake.

Ule mfuko wa mchele haukuwa mapambo. Kadiri lenzi inavyovuta mbali ndivyo mtikisiko wa mkono unavyokuzwa, na gari likiwa linanguruma picha hutoka imeparwa. Mwombe dereva azime injini, weka mfuko wa mchele au maharagwe dirishani, laza kamera juu yake. Mfuko huo ni bora kuliko mguu wa chuma wa kamera, usio na pa kusimama ndani ya gari, na mkirudi mnaupika.

Pia usitegemee makuu adhuhuri. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni joto hupanda kutoka ardhini na hewa hucheza kama mazigazi. Kuvuta mara 83 wakati huo ni kuivuta hewa inayocheza, na manyoya ya simba hutoka kama yamelowa. Alfajiri baada ya swala, na jioni, hewa ikiwa tulivu, ndipo lenzi ndefu husema kweli. Na vumbi lile jekundu ni adui wa kamera zote mbili, kwa sababu mrija wa lenzi ukirudi ndani huingia na chembe zake. Fukuza vumbi kwa brashi laini kabla hujazima, wala usiitie kamera ndogo katika mfuko wenye makombo ya mahamri.

Sasa tupande mlimani. Kutoka Mwatate barabara hujipinda hadi Wundanyi, na hewa hubadilika. Mtoto aliyekuwa akijipepea Voi huomba sweta. Huko mna mabaki ya misitu ya kale kama Ngangao na Mbololo, makao ya ndege wasiopatikana popote duniani ila katika milima hii, akiwemo yule mdogo aitwaye apalisi wa Taita, ambaye wamebaki wachache mno. Mtu angedhani hapa ndipo pa kamera kubwa. La. Chini ya miti hiyo mwanga ni haba, na lenzi hizi zikinyooshwa hadi mwisho hupitisha mwanga mdogo sana, kubwa kwa ndogo. Ndege hutoka kivuli. Njia nayo ni ya kupanda na kuteleza. Gramu 899 zinazoning'inia shingoni, juu ya buibui, na mtoto mkononi, huwa ratili nyingi kabla ya mwisho wa mteremko. Safari ile kamera kubwa ilirudishwa garini mapema. Ndogo ilifika hadi mwisho wa njia, ikarudi na picha za kuvu, za majani yenye umande, na za watoto wetu wakikumbatia shina ambalo mikono yao minne haikulizunguka.

Jambo la pili la mlimani ni la adabu. Nyumba za Wataita nyingi zimejengwa kwenye matuta chini ya barabara, na msafiri akisimama juu huona nyua za watu. Kijana wetu mmoja alivuta kwa lenzi ndefu akampiga picha mama aliyekuwa akifua uani, kichwa wazi, asiye na habari. Kina mama wa msafara walipoiona picha hawakumgombeza. Mmoja wao alimuuliza tu, "Mwanangu, ungekuwa ni mimi, na huyo aliye juu ni mgeni?" Akaifuta mwenyewe. Surat al-Hujurat inatukataza kupelelezana, na lenzi inayovuta mara 83 huingia uani kwa mtu bila ya kupiga hodi. Kamera ndogo humlazimisha mpigaji asogee, asalimu, aombe. Tulipoteremka na kusalimu, mama yule alitukaribisha viazi vya kuchemsha, na picha iliyopatikana akiwa amejifunga leso yake na kucheka ni nzuri kuliko ile iliyofutwa.

Wenye siku ya ziada hushuka hadi Taveta, mwendo wa kilomita 110 hivi kutoka Voi, wakaone ziwa Jipe na, kukiwa kweupe, mlima Kilimanjaro ng'ambo ya mpaka. Mlima wa mita 5,895 hauhitaji kuvutwa. Kamera yoyote itautosha, mradi mmeamka mapema kabla ya mawingu.

Basi tununue ipi? Familia iendayo mara moja kwa mwaka, yenye watoto wadogo, nasema inunue ndogo, na ile tofauti ya bei iwe nauli. Simba akitoka mdogo pichani, mkate pembeni nyumbani. Picha ya kamera ile ina nukta milioni 20. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu hubaki milioni 5, na picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka na milioni 2 na kidogo. Nyumba yenye mzee ambaye macho yamepungua, au kijana aliyeshikwa na elimu ya ndege, au familia ziendazo Tsavo mara kwa mara, kubwa ina haki kwao. Na hakuna ubaya familia tatu au nne zikachanga zikanunua kubwa moja ya kupokezana, kila nyumba ikabaki na ndogo yake.

Vyovyote mtakavyochagua, kamera ina neema moja kwa dada zetu: picha hukaa katika kadi yake, wala hazikimbilii katika simu za watu. Mama aweza kupigwa akicheka na wanawe, na picha ikabaki nyumbani mwake.

Lakini akubali kupigwa. Nimetazama albamu nyingi za safari hizi. Baba yumo, watoto wamo, ndovu wamo. Mama, aliyeamka saa tisa za usiku kufunga chakula, hayumo, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera. Kamera ndogo hata mtoto wa miaka minane aweza kuishika. Mpeni aipige picha ya mama yake, japo kichwa kikikatika kidogo.

Mwenyezi Mungu azisahilishe safari zenu, awarudishe salama. Wabillahi tawfiq.